Kifuu Nyuma ya Tangi

Jumapili, tarehe 31 Machi 2024. Alfajiri hiyo mvua ndogo ilipita juu ya Ganjoni, Mombasa, ikalowesha ngazi na kamba za nguo, kisha ikaenda zake bila kupoza chochote. Kulipopambazuka joto lilikuwa limesharudi mahali pake, zito, la kugandisha nguo mgongoni.

Mutanu aliamka saa kumi, giza bado. Alikuwa na mambo mawili moyoni. La kwanza lilikuwa ibada ya mapambazuko ya Pasaka kule ufukweni Mama Ngina, ambako kwaya yao ilipewa nyimbo tatu. La pili lilikuwa Popi. La kwanza alikuwa ameliombea mwezi mzima. La pili aliliombea pia, lakini juu ya kuliombea aliliandika kwenye karatasi ya manila na kuibandika mlangoni pa jikoni, kwa herufi kubwa ambazo hata mgeni aliyesahau miwani angezisoma:

POPI HALI MIFUPA YA KUKU, VIJITI VYA MISHKAKI, CHOKOLETI, VITUNGUU, ZABIBU. LANGO LIFUNGWE. UKITAKA KUMPA KITU, NIULIZE MIMI.

Popi alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na la pili limelala, ambaye Mutanu alimwokota Kibarani miaka miwili nyuma, akiwa hata kusimama hajui. Mutanu alikuwa na miaka arobaini na tisa, karani wa ghala kule Mbaraki, hana mume wala mtoto, na alimlea yule mbwa kwa maziwa na chupa ya kunyonyesha. Kila usiku, akishawaombea ndugu zake wote kwa majina, aliongeza jina moja la mwisho, harakaharaka, kama mtu anayempitisha mgeni asiyealikwa.

Pasaka ya mwaka uliotangulia ilikuwa imemfunza. Mgeni mmoja aliacha lango wazi, mwingine akamtupia Popi kijiti cha mishkaki chenye mafuta, na Mutanu aliimaliza sikukuu akizunguka mitaa na kuita jina la mbwa mpaka sauti ikamkauka. Ndiyo maana mwaka huu, alipompeleka Popi kuchanjwa, alimwomba Kitsao, daktari wa mifugo mwenye zahanati ndogo karibu na gereji, amtajie kila kitu cha kuogopa siku ya wageni. Kitsao alitaja, Mutanu akaandika, na manila ikatoka hapo.

Basi alfajiri hiyo alimfunga Popi kwa kamba ndefu kwenye ua wa nyuma, chini ya kivuli cha tangi la maji. Akamwekea maji, akamvalisha ukanda wenye namba ya simu, akalijaribu lango mara tatu. Popi alilia alipomwona anaondoka. Saa kumi na moja kasorobo Mutanu alitoka na joho lake la kwaya mkononi, na alipopita chini ya ngazi alisikia vyombo vikigongana juu, nyumbani kwa Bi Mwanakuu. Ilikuwa Ramadhani, siku ya ishirini, na wenye kufunga walikuwa wakimalizia daku.

Bi Mwanakuu alikuwa mjane wa miaka sabini na ushei, mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale, aliyehamia Ganjoni kukaa na mwanawe Zein. Kila jioni ya Ramadhani aliteremsha sahani iliyofunikwa kwa kawa: leo mbaazi na mahamri, kesho katlesi. Mutanu naye hakuirudisha sahani tupu, aliipandisha na maembe au kunde. Sahani hizo aliziweka kabatini juu kabisa, mbali na Popi, kwa maana alijua kwamba chombo kilichorambwa na mbwa kwao huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo alilijua vizuri tangu Februari, siku Popi alipomrukia Zein ngazini na kumramba kanzu. Zein alikuwa mwalimu wa madrasa. Siku hiyo aliikosa sala ya jamaa kwa kufua, na alisema maneno ambayo mlinzi, muuza maji na jumba zima waliyasikia. Tangu hapo sahani ziliendelea kupanda na kushuka, lakini habari ya mbwa haikupanda wala kushuka. Mutanu aliona ndiyo heshima. Watu wa juu hawana shughuli na mbwa, kwa nini awabebeshe maneno yake?

Ibada ilikuwa njema. Jua lilitoka baharini wakiwa katikati ya wimbo wa pili, na Mutanu alilia kidogo, kama kila mwaka. Alirudi nyumbani na wageni wawili tu: mdogo wake Oliver, anayefanya kazi katika reli, na Nekesa, mwenzake wa sauti ya tatu kwenye kwaya. Wote wawili walisomeshwa manila kabla ya kuketishwa.

Oliver aliisoma kwa sauti, akauliza kama na yeye kuna karatasi yake inayosema asipewe nini.

Walikula wali na kuku. Popi alipelekewa wake, wali mweupe na samaki aliyechambuliwa miiba, lakini aliunusa tu, akalala. Mutanu alidhani ni joto. Saa nane alisikia sauti ya mtu anayekohoa uani, akatoka mbio.

Popi alikuwa ametapika. Mutanu aliinama, akatazama. Ilikuwa minyoo. Myembamba, ya rangi ya kahawia, mingi, imesokotana, na katikati yake vidude vyeusi vilivyovimba kama kupe walioshiba damu. Kabla hajafikiri alikuwa ameshaleta ndoo ya maji ya dawa na ufagio, akasugua saruji mpaka ikawa nyeupe. Popi akatapika tena, safari hii povu tupu, kisha miguu ya nyuma ikamlegea.

Hapo ndipo akili ya Mutanu ilipoanza kuvurugika. Aliwauliza wageni. Wote wawili waliapa kwamba hawakumpa kitu. Akauliza mara ya pili, kwa sauti nyingine. Oliver alikiri kwamba, ukweli usemwe, alimkatia kipande cha chapati, kidogo, kama kidole. Nekesa naye akakiri kwamba shingo ya kuku ilimdondoka alipokuwa akitoa sahani na alipogeuka hakuiona tena; yeye alidhani imeingia chini ya kabati. Mutanu alipiga magoti jikoni na tochi. Chini ya kabati kulikuwa na ufagio wa zamani na vumbi. Shingo haikuwako. Lakini shingo ya kuku na minyoo vinahusianaje?

Walimbeba katika kanga mpaka kwa Kitsao, ambaye alifungua zahanati akiwa bado na shati la kanisani. Alimbonyeza Popi tumbo, akamfunua ufizi, akavuta ngozi ya shingo kuona inavyorudi.

"Alikula nini?"

"Wali mweupe na samaki, nimemchambua mwenyewe."

"Hicho ndicho ulichompa. Mimi nauliza alichokula."

Mutanu alieleza minyoo. Kitsao alimsikiliza, kisha akauliza kama ilikuwa ikitembea. Mutanu hakujua. Akauliza kama ameileta. Mutanu alieleza habari ya maji ya dawa na ufagio.

"Minyoo ya mbwa ni myeupe, dada," Kitsao alisema polepole. "Ya kahawia sijaiona, na niko kazini miaka ishirini. Na mbwa hali kupe. Kupe ndio wanaomla mbwa."

Nekesa alitoa sauti iliyokuwa karibu na kicheko, akaimeza.

Kitsao aliwaweka wazi. Ikiwa ni mfupa umeziba, inabidi ampasue jioni hiyohiyo, maana pa kupigia picha ya eksirei pamefungwa kwa sikukuu. Ikiwa ni sumu ya panya, kuna sindano yake. Ikiwa ni kitu kinachoua figo, dawa ni maji mengi ya mshipani, usiku na mchana, na kumpasua mbwa wa namna hiyo ni kumuua mezani. Dalili za yote matatu, kwa sasa, zilifanana.

"Nitamtundikia maji kidogo ya kumshikilia," alisema. "Lakini nipate jawabu kabla ya saa mbili usiku. Ikifika saa mbili bila jawabu, nitachukua kisu na kubahatisha."

Mutanu aliposikia neno sumu, alikumbuka kitu. Alhamisi jioni, akiwa dirishani, alimwona Zein ameingia uani na mfuko mweusi wa karatasi. Aliinama nyuma ya tangi la maji, akakaa pale kitambo, akatazama huku na huku, akaondoka. Mutanu hakulitia maanani. Sasa lilimjia lote kwa mara moja, na alichukia jinsi lilivyomjia kwa urahisi. Mtu mwenye dini, mwana wa Bi Mwanakuu. Na bado, kanzu. Na maneno yale ya Februari.

Aliwaacha Oliver na Nekesa kwa Popi, akarudi nyumbani peke yake. Njiani alijaribu kuomba, lakini hakujua aanzie wapi: kumwombea mbwa, au kuomba asamehewe kwa kumwazia jirani uuaji siku ya Ufufuo. Alisema tu, "Bwana, nionyeshe," mara nyingi, kama mtu anayebisha hodi.

Nyuma ya tangi, pale ambapo kamba ya Popi iliweza kufika, alikuta kifuu cha nazi. Kilikuwa kikavu, kimerambwa mpaka kinang'aa. Mutanu alikiinua, akakinusa. Kilinukia iliki, samli na sukari.

Alisimama na kile kifuu mkononi. Nani anamtilia mbwa sumu katika iliki? Lakini kwani sumu haitiwi katika kitu kizuri, ili iliwe? Na kama si sumu, kifuu kimetoka wapi, uani kwake, kwenye lango alilolijaribu mara tatu? Alitazama ngazi za nyuma zinazopanda hadi ghorofa ya kwanza. Nyumba nzima, jiko lenye harufu hiyo lilikuwa moja tu.

Alipanda, akapiga hodi. Hakuna jibu. Alipiga simu, akaisikia ikilia ndani, pale Bi Mwanakuu anapoisahau daima. Mlinzi alimwambia wote wameenda kufuturu Kuze, kwa Mzee Sufyan, kaka yake Bi Mwanakuu. Mutanu alitazama saa. Saa kumi na mbili kasoro kumi. Alikifunga kifuu katika gazeti, akaita tuktuk.

Mji wa Kale saa hizo ulikuwa mkimya wa namna yake, ule wa watu wote kuwa ndani wakisubiri. Alimuuliza njia mwanamume aliyebeba jagi la juisi, akaonyeshwa. Alipofika mlangoni mwa Mzee Sufyan adhana ya magharibi ilianza, kwanza msikiti mmoja, kisha mwingine, na Mutanu akabaki ameinua mkono wa kubisha, hajui kama inafaa. Mlango ukafunguliwa kabla hajagusa. Bi Mwanakuu mwenyewe, tende mkononi.

"Masalkheri, Bi Mwanakuu."

"Masalkheri, mwanangu. Mutanu! Siku yenu kubwa leo, nawe umetukumbuka? Ingia, ingia. Usiseme kitu, kwanza futuru."

Alivutwa ndani, akaketishwa mkekani, akatiwa tende mkononi na bilauri ya ukwaju. Zein alikuwa pale, na Mzee Sufyan, mnene, mchangamfu, ambaye alimkaribisha kama aliyekuwa akimngoja. Mutanu alijaribu kusema mara mbili, na mara mbili aliambiwa ale. Kufuturisha mtu kwao ni thawabu, na yeye alikuwa thawabu iliyojileta mlangoni. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na mbili na dakika arobaini. Alimtazama Zein. Zein alikuwa akimenya yai. Alionekana kama mtu anayemenya yai, basi.

Kisha Bi Mwanakuu alifunua sinia la katikati, na Mutanu akaona minyoo yake.

Ilikuwa pale pale, ya kahawia, myembamba, imesokotana, inang'aa kwa samli. Na katikati yake wale kupe, weusi, wamevimba. Harufu ya iliki ilipanda. Zilikuwa tambi za kukaanga, tamu, zilizotiwa zabibu. Alikwisha kuzila mwenyewe mara kumi, kutoka sahani ya mwanamke huyu huyu.

Mutanu aliuweka ukwaju chini. Alilifungua gazeti, akaweka kifuu mkekani.

"Popi yuko kwa daktari," alisema. "Anakufa. Nimekuta hiki nyuma ya tangi." Na kwa kuwa lile jingine lilikuwa limeshamfika kooni, halikurudi: "Mwalimu Zein, Alhamisi uliweka nini pale?"

Zein alitua yai. Hakumtazama Mutanu, alimtazama mamake.

"Sikuweka," alisema. "Naliokota."

"Uliokota nini?"

"Vifuu. Vitano. Wiki iliyopita sita. Naliviokota mlinzi asije akaviona, akauliza ni vya nani."

Bi Mwanakuu alishika kifua. "Ulikuwa wajua?"

"Mama, kila ukikuna nazi wavificha vifuu chini ya kitanda. Kwanza nilidhani wataka kutengeneza pawa za kupakulia mchuzi, mpaka nikavikuta uani."

Mzee Sufyan alianza kucheka, akaona uso wa Mutanu, akaacha.

Ikatoka yote, nusu kwa mdomo wa mama na nusu kwa mdomo wa mwana. Bi Mwanakuu alikuwa akimlisha Popi tangu mwaka uliopita. Hakutaka kutumia chombo cha nyumbani, asije akamtia Zein katika shida ya kuosha mara saba, kwa hivyo alitumia kifuu na kukiacha huko huko. Hakumwambia Zein kwa ajili ya ile kanzu. Hakumwambia Mutanu kwa sababu aliona haya: ataonekana kana kwamba asema jirani hamlishi mnyama wake. Na alfajiri ile, akimaliza daku, alimsikia mbwa akilia peke yake gizani.

"Nikasema, mwenyewe ameenda kusali, na leo ni sikukuu yao," Bi Mwanakuu alisema, na macho yalikuwa yamemjaa. "Kila mtu wa nyumba ile atakula kitamu leo, yeye je? Nikampa tambi zilizobaki. Nikaziona kavu. Nikamkaangia zabibu, konzi nzima, nikamtilia juu. Ndizo azipendazo watoto."

"Zabibu," alisema Mutanu.

"Zabibu, mwanangu. Ni mbaya?"

Mutanu aliiona manila mlangoni pa jikoni, herufi kubwa, neno la mwisho la mstari. Ameibandika ndani. Mlango ambao Bi Mwanakuu hajawahi kuupita, kwa sababu ya mbwa.

Alimpigia Kitsao hapo hapo, simu akaiweka wazi wote wasikie. Kitsao aliuliza zabibu ngapi, mbichi au zilizopikwa, saa ngapi. Bi Mwanakuu alijibu mwenyewe, akiinamia simu kama inayoweza kumuuma, akaonyesha konzi yake hewani ingawa Kitsao hakuweza kuiona.

"Basi ni figo," Kitsao alisema. "Kisu nakirudisha. Namfungulia maji yote. Mama, umefanya vizuri kusema. Ungesema kesho, ningekuwa nimeshamkata."

Mzee Sufyan alitikisa kichwa, akasema kwamba katika umri wake ameona mengi, lakini mbwa kufuturishwa kabla ya jua kutoka hajaona. Safari hii hata Bi Mwanakuu alitabasamu, huku akijipangusa kwa ncha ya mtandio.

Zein alisali magharibi, kisha akamrudisha Mutanu kwa gari lake. Walipofika mbele ya zahanati alizima injini.

"Ulidhani ni mimi," Zein alisema.

Mutanu alitazama mikono yake. "Nilidhani."

"Angekuwa mwingine ningekasirika. Lakini mimi ndimi niliyepiga kelele za kanzu mpaka muuza maji akanipa pole. Siku ile, wallahi, nalitamani. Lakini kutamani ni kitu kingine."

"Nisamehe, mwalimu."

"Nimekusamehe. Shuka, mbwa wako angoja."

Siku mbili zilizofuata Mutanu hakuwahi kuzielewa vizuri, hata baadaye alipojaribu kumsimulia mchungaji. Kitsao alikuwa amesema kwamba dalili ni moja tu: akikojoa, figo zinafanya kazi, asipokojoa, ajitayarishe. Jumatatu ya Pasaka Popi hakukojoa. Maji yalikuwa yakiingia tone kwa tone, na hakuna kilichotoka. Mutanu alikaa kwenye kiti cha plastiki na Biblia mapajani, akajikuta, mwanamke mzima mshirika wa kanisa tangu ujana, anamwomba Mungu aliyemfufua Mwanawe amjalie mbwa mkojo. Alijionea haya. Kisha akaona kwamba haya yenyewe haimsaidii Popi, akaendelea kuomba.

Bi Mwanakuu hakufika zahanati, lakini kila baada ya sala alimtuma Zein kupiga simu. Swali lilikuwa moja na Zein, mtu wa adabu, alikuwa akilizunguka. Alisalimu, akauliza hali, akauliza hali ya mgonjwa, kisha akakohoa.

"Na ile habari nyingine, je?"

"Bado."

"Mama asema ameomba kwenye sala ya usiku. Nimemwambia sijui kama inafaa kuombea kitu hicho. Amenambia nisimfundishe."

Jumanne baada ya alasiri Popi alijikokota, akasimama kwa miguu mitatu na nusu, akaenda hadi kwenye mguu wa kiti cha plastiki, na akakilowesha, kiti na kiatu cha Mutanu pamoja. Kitsao alipiga makofi mara moja. Mutanu hakuondoa mguu. Alipiga simu Ganjoni, na kabla hajamaliza salamu alisikia Zein akipaza sauti ndani ya nyumba: "Mama! Amekojoa!" na mlango wa jirani mwingine ukifunguliwa, mtu akiuliza ni nani.

Walimrudisha Alhamisi alasiri, mwembamba, manyoya yamenyolewa mguuni pa sindano, sikio lile moja limesimama. Oliver alimbeba. Nekesa alikuja na habari kwamba ile shingo ya kuku imepatikana: ilikuwa ndani ya mfuko wa joho lake, aliitia mwenyewe kwa haraka siku ile asionekane ameangusha kitu, akasahau kabisa katika fujo ya Popi mpaka akaamini imepotea, na sasa joho lote lanuka.

"Nekesa, mbwa alikuwa apasuliwe kwa ajili ya shingo hiyo."

"Najua. Na joho ni la kanisa."

Uani, Bi Mwanakuu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tatu kutoka chini, pale ambapo kamba haifiki, Zein amesimama nyuma yake. Alikuwa ameteremka na kitu kimefunikwa kwa kawa. Akafunua. Ni wali mweupe, hauna chumvi wala samli, ndani ya bakuli jipya la bati. Alisema amelinunua sokoni, na litakaa huku huku chini, liwe lake, hakuna wa kuliosha mara saba wala mara moja ila mwenyewe Mutanu.

"Wiki ijayo ni Idi," alisema. "Watu watakuja, watoto watakuja, halua na visheti kila pembe. Mimi nataka kumpa chake siku hiyo, mchana kweupe. Lakini sina ilimu ya mambo haya. Naweza kumuua tena kwa mapenzi." Alimnyooshea Mutanu kidole. "Wewe uliandika karatasi, ukawasomesha wageni wa siku moja. Mimi nakaa juu yako miaka miwili hukunisomesha. Kwa nini?"

Mutanu alitaka kusema ilikuwa heshima, akaliacha neno hilo. Jumapili ile yote alikuwa akitafuta nani wa kulaumiwa, akamzunguka kila mtu, na sasa alishangaa jinsi alivyochelewa kufika hapa.

"Sikudhani inakuhusu, Bi Mwanakuu."

"Sasa wajua inanihusu. Basi ahidi. Na usiahidi kwa kunong'ona, sema mbele ya watu. Zein, wewe shahidi. Na wewe kijana wa reli, na wewe mama wa shingo."

Nekesa aliinamisha kichwa. Oliver alimtua Popi chini, na Popi akaenda moja kwa moja kwenye bakuli la bati. Mutanu alivua viatu, hata yeye hakujua kwa nini, akasimama kwenye saruji yenye joto.

"Mbele yenu nyote, na mbele za Mungu anayenisikia," alisema, "kila sikukuu, iwe ni yetu au ni yenu, kabla sijamfungulia mgeni yeyote lango, nitapanda ngazi hii, nipige hodi kwako, Bi Mwanakuu, nikuambie kwa mdomo wangu Popi anakula nini na hali nini, na sitashuka mpaka uniambie umesikia."